Kiasi Kisicho na Mizani: Pombe Kidogo na Usukani wa Pikipiki



Hapa Mongbwalu hakuna anayeuza dhahabu kwa kukadiria kwa macho. Mchimbaji akitoka shimoni na punje zake, ziwe nyingi au chache, ataziweka kwenye mizani mbele ya mnunuzi, na wote wawili watainama kuisoma, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba jicho la mwenye haja hudanganya. Muuzaji huona zaidi ya kilichopo, mnunuzi huona pungufu. Tangu dhahabu ya Kilo ilipogunduliwa mwaka 1903, watu wa huku wameishi kwa kupima. Lakini jioni ikifika, mtu yuleyule aliyegombania sehemu ya kumi ya gramu huketi kwenye nganda, yaani baa, hunywa, huinuka, hushika ufunguo wa pikipiki na kusema, "Nimekunywa kiasi tu." Kiasi hicho kimepimwa na nani? Kimepimwa na ubongo uleule ambao pombe imekwisha kuufikia. Ni kama kumwachia mnunuzi wa dhahabu apime mwenyewe, nyuma ya pazia, kisha akutajie bei.

Ninachotaka kuonyesha leo ni hiki: neno "kiasi" lina maana mezani, na kwenye usukani halina. Na katika mji ambao askari wa barabarani hana kifaa cha kupima pumzi, kanuni pekee ambayo mtu anayebeba abiria anaweza kuishika, na sisi wengine tukaweza kuona kama ameishika, ni sufuri. Sitazungumza sana juu ya mlevi anayeyumba. Huyo hata mtoto humwona akamkwepa. Nitazungumza juu ya yule mwingine anayesimama wima, anayerudisha chenji bila kukosea, anayeamkia wakubwa kwa heshima. Huyo ndiye tunayempa mtoto wetu ampeleke Nizi au Iga-Barrière.

Tuanze na chupa yenyewe, maana hesabu hupotea hapohapo. Chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72. Tukichukua nguvu ya asilimia 5, iliyo ya kawaida kwa bia, ndani yake mna mililita 36 za alkoholi tupu, uzito wake gramu 28 hivi. Ufaransa, glasi moja katika mashauri ya madaktari huhesabiwa kuwa na gramu 10. Basi mtu aliyesikia redioni kwamba glasi moja au mbili hazina neno, kisha akaagiza chupa moja au mbili, amefuata idadi akasahau ujazo, kwa kuwa chupa moja inakaribia glasi tatu, na chupa mbili zinakaribia sita. Msweden Erik Widmark, aliyefanya kazi Lund, alitupatia katika miaka ya 1930 njia ya kukisia kinachofika katika damu. Kwa njia hiyo, mwanamume wa kilo 60 ambaye hajala, akinywa chupa moja kwa haraka, hupanda hadi karibu gramu 0.7 za alkoholi kwa lita ya damu. Mwanamke wa uzito huohuo hupanda zaidi, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuichanganya pombe hiyo. Kikomo cha sheria kwa dereva wa kawaida Ufaransa na Ubelgiji ni gramu 0.5. Kwa hiyo chupa ya kwanza, ile ambayo kwetu haihesabiki kuwa kunywa, imekwisha kumvusha mpaka ambao Mbelgiji akiuvuka hutozwa faini.

Na hiyo ni bia, ambayo angalau ina lebo. Kaikpo, pombe kali ya kienyeji, haina. Nguvu yake hutegemea aliyeipika, moto aliouwasha na sehemu ya mtiririko aliyoikinga, maana matone ya kwanza huwa makali kuliko ya mwisho. Glasi ya leo si glasi ya jana, hata kama glasi ni ileile, mezani ni palepale na mama muuzaji ni yuleyule. Anayesema "nimekunywa kiasi" baada ya kaikpo ametaja ujazo wa glasi, hakutaja pombe iliyokuwamo.

Sasa, kidogo hicho hufanya nini mwilini? Mwaka 2000, watafiti wawili wa Marekani, Herbert Moskowitz na Dary Fiorentino, walikusanya tafiti 112 zilizopima kazi mbalimbali ambazo dereva hutegemea, wakatafuta kiwango ambacho madhara huanza. Hawakuona kiwango ambacho chini yake mtu yuko salama. Baadhi ya uwezo ulianza kupungua mara tu pombe ilipoweza kupimika katika damu, na kufikia gramu 0.5 kwa lita tafiti nyingi zilikuwa tayari zimeonyesha upungufu. Linalotuhusu zaidi ni mpangilio wake. Kinachotangulia kuharibika si miguu wala ulimi, ambavyo ndivyo tunavyovitumia kumtambua mlevi. Kinachotangulia ni uwezo wa kugawa akili kati ya mambo mawili au matatu kwa wakati mmoja. Mtu aliyekunywa kidogo akipewa jambo moja tu la kuangalia, huliangalia vizuri, pengine vizuri kama kawaida. Mwongezee la pili, na moja kati ya hayo mawili litamponyoka bila yeye kujua.

Tuitazame basi kazi ya motari, dereva wa pikipiki ya abiria, kati ya hapa na Bunia, zaidi ya kilomita 80 za udongo mwekundu ambao kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi. Anachagua mkondo mmoja kati ya makorongo matatu. Anashika usawa wa pikipiki yenye abiria wawili na mzigo uliofungwa nyuma. Anasikiliza honi ya lori lililojificha kwenye vumbi. Anamwangalia mbuzi aliye kandokando ya njia, ambaye bado hajaamua kama atavuka. Hakuna hata dakika moja ambayo akili yake ina jambo moja. Kisha kuna usawa wenyewe. Gari likisimama halianguki, pikipiki husimama kwa sababu mtu anaisimamisha, kwa masahihisho madogo madogo yasiyokoma ambayo hutoka katika sikio la ndani na sehemu ya nyuma ya ubongo, na pombe hugusa vyote viwili. Jaribio lililofanywa Minnesota, Marekani, kwa waendesha pikipiki wazoefu kwenye uwanja uliofungwa, lilionyesha kwamba makosa huongezeka wakifikia gramu 0.8, na dalili zake huonekana kabla ya hapo. Uwanja huo ulikuwa wa lami, mchana, bila abiria na bila mbuzi.

Pombe pia huchelewesha mkono, na mtu ataona kuchelewa kwa theluthi ya sekunde ni jambo dogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Mkono ukichelewa kushika breki kwa theluthi moja tu ya sekunde, pikipiki imekwenda karibu mita 4 zaidi, urefu wa pikipiki mbili zilizofuatana. Katika mita 4 hizo ndimo mtoto anamokuwa amesimama, au hayumo.

Nitataja jambo moja la kwetu zaidi, ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi. Madereva wanaoleta bidhaa kutoka Uganda kupitia Mahagi huendesha upande wa kushoto mpaka Goli, kisha wakiingia Kongo huhamia kulia. Kwa dereva mwenye akili timamu mabadiliko hayo hutaka uangalifu wa makusudi kwa kilomita kadhaa, hasa anapokutana ghafla na chombo kingine kwenye kona, maana mkono hukimbilia upande uliozoea. Kuzuia mazoea yasifanye kazi yake ni kati ya kazi ambazo pombe kidogo huziharibu mapema. Sijui mahali pengi ambapo chupa moja ya mchana ina hatari kuliko katika kibanda cha kwanza baada ya mpaka.

Hapa mtu makini atanipinga kwa utafiti maarufu, na pingamizi lake lastahili kujibiwa kwa kirefu. Kati ya mwaka 1962 na 1963, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Robert Borkenstein, mtu aliyebuni kipima pumzi mwaka 1954, aliongoza kazi kubwa ya kulinganisha pombe ya madereva waliopata ajali na ile ya madereva wengine waliosimamishwa mahali hapohapo bila ajali. Matokeo yalitoka mwaka 1964. Yalionyesha wazi kwamba hatari hupanda kwa kasi kadiri pombe inavyopanda. Lakini kulikuwa na jambo la ajabu: wale waliokuwa na pombe kidogo sana, chini ya gramu 0.4 hivi kwa lita, walionekana kupata ajali chache kuliko wale wasio na pombe kabisa. Watu wengi waliishika habari hiyo kwa furaha. Kumbe glasi moja hutuliza mikono, kumbe mnywaji wa kiasi huendesha kwa uangalifu! Hata leo, mtu ambaye hajasikia jina la Grand Rapids atakuambia jambo lilelile kwenye nganda kwa maneno yake mwenyewe: "Nikionja kidogo ndipo ninapoendesha vizuri."

Jibu lilipatikana miaka michache baadaye, na ni jibu zuri kwa sababu halikukanusha takwimu hata moja. Liliuliza tu: hawa wasio na pombe ni akina nani? Richard Allsop, akifanya kazi Uingereza mwaka 1966, aliwagawa madereva wale kwa desturi zao, wanaokunywa kila siku kundi lao, wanaokunywa mara moja kwa wiki kundi lao, wasiokunywa karibu kabisa kundi lao. Ndani ya kila kundi, lile bonde likatoweka, na hatari ikawa inapanda pamoja na pombe. Wale wa sufuri walikuwa wamechanganyika na vijana wadogo, wazee sana na watu wasiokuwa na mazoea ya kuendesha, ambao hupata ajali nyingi wakiwa wakavu kama kuni. Wale wa pombe kidogo walikuwa wengi wao watu wazima, wazoefu, wa umri wa katikati. Umri wao ndio uliowalinda, pombe ikasifiwa. Ukimlinganisha motari wa miaka 35 aliyeonja na kijana wa miaka 16 asiyeonja, huenda wa kwanza akafika salama. Lakini ulinganifu wa haki ni kati ya motari wa miaka 35 na yeye mwenyewe, siku ambayo hakuonja.

Wa pili kupinga atasema: mimi nimezoea, pombe hainiwezi. Kuzoea ni kweli, na mwili hujifunza. Lakini hujifunza kile ulichokirudia. Anayekunywa kila siku hujifunza kutembea bila kuyumba na kusema bila kigugumizi, kwa sababu hayo ndiyo anayoyafanya kila siku akiwa amekunywa. Hajajifunza lori lililokatika breki kwenye mteremko, kwa sababu hilo halimtokei kila siku. Mazoea humwondolea dalili zinazoonekana, akabaki na upungufu usioonekana, na kwa maoni yangu huo ni ubadilishanaji mbaya kuliko yote. Mwingereza Edward Mellanby alikwisha kuonyesha mwaka 1919, kwa majaribio ya mbwa, kwamba kwa kiwango kilekile cha pombe katika damu, ulevi huonekana zaidi pombe inapopanda kuliko inaposhuka. Tafiti za baadaye kwa binadamu zimeongeza kwamba wakati wa kushuka, mtu hurudiwa na ujasiri wa kuendesha kabla hajarudiwa na uwezo wa kuendesha. Hujisikia mzima. Kujisikia mzima ndiyo mizani tuliyo nayo, na imethibitika kuwa imepinda.

Wa tatu, na huyu namheshimu kuliko wote, atasema: mwalimu, unazungumza bia katika mkoa ambao umekuwa chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, ambako watu huuawa njiani kwa risasi na panga, ambako vizuizi vya wenye silaha vinaogopwa kuliko kona yoyote, na barabara yenyewe ni mashimo. Je, pombe kidogo ndiyo inayotumaliza? Si yenyewe inayotumaliza zaidi, na nisingesimama hapa kusema hivyo. Lakini hatari hizi hazisimami foleni, kila moja ikingoja mwenzake amalize. Barabara mbovu haifanyi pombe isiwe na maana, huifanya iwe na maana zaidi, kwa sababu ndiyo inayodai ile akili iliyogawanyika ambayo pombe huiharibu kwanza. Mtu anayefika kwenye kizuizi akiwa amekunywa hupunguza mwendo kwa kuchelewa mbele ya kijana mwenye bunduki na woga. Na mgonjwa aliyevunjika paja hulazwa katika hospitali ileile iliyojaa majeruhi wa vita, akitumia damu ileile inayotafutwa kwa shida. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linaeleza kwamba bara letu lina asilimia 3 tu ya vyombo vya moto vya dunia, lakini karibu kifo kimoja kati ya vitano vya barabarani hutokea kwetu. Vita hivi vinangoja mazungumzo ya watu walio mbali nasi. Chupa ya motari haingoji mkataba wa mtu yeyote.

Kuna pia wanaosema hatari kubwa iko kwa walevi wa kupindukia, tuwaache hawa wa chupa moja. Ni kweli kwamba hatari ya mlevi mmoja ni kubwa mno. Paul Zador, aliyechambua takwimu za Marekani mwaka 1991, alikuta kwamba kila gramu 0.2 kwa lita zinazoongezeka katika damu karibu huzidisha mara mbili hatari ya dereva kufa katika ajali. Lakini kuzidisha huko huanzia chini, na kila aliyefika chupa ya nne alipitia ya kwanza. Tofauti ni kwamba kwenye ya kwanza bado alikuwa na akili ya kukataa ya pili.

Basi tufanye nini? Nchi zenye vifaa zimechagua kikomo cha tarakimu. Norwe iliweka gramu 0.5 mwaka 1936, kisha ikashusha hadi 0.2 mwaka 2001. Ubelgiji, iliyobaki na 0.5 kwa watu wengine, iliwashushia madereva wanaolipwa hadi 0.2 mwaka 2015. Kenya ilileta vipima pumzi barabarani mwishoni mwa 2013, vikaokoa pengine, na pia vikapelekwa mahakamani, na madereva wakajifunza haraka kuambiana kwa simu njia za kuvikwepa. Kila mahali, tarakimu imekwenda pamoja na kifaa, na kifaa kinataka betri, mirija safi ya kupulizia, fundi wa kukirekebisha na askari anayelipwa vizuri kiasi cha kutokikodisha. Kanuni ya barabara ya Kongo, sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ilitungwa wakati biashara ya pikipiki za abiria haijaenea kama leo. Tukiingoja Kinshasa iifanye upya na kutuletea mashine, tutazika wengi. Na tukitangaza hapa "msinywe zaidi ya kiasi" bila mashine, tutakuwa tumempa kila mtu mizani yake ya nyuma ya pazia.

Sufuri haihitaji mashine. Pua ya abiria inaitosha. Abiria hawezi kutofautisha gramu 0.3 na 0.6, lakini anaweza kutofautisha harufu na kutokuwapo kwa harufu, na akikataa kupanda, motari amekosa nauli palepale, bila hakimu. Chama cha wamotari kinaweza kuandika kanuni hiyo kwa mstari mmoja na kuisimamia kwenye kituo, ambako wote hujuana kwa majina: aliyekunywa leo, leo habebi mtu. Na akina mama wanaopika na kuuza, ambao karo ya watoto hutoka katika mtungi huo, sitawaambia wafunge biashara. Kanuni hii haimgusi mchimbaji anayerudi nyumbani kwa miguu, wala fundi, wala mwalimu. Inamgusa mtu mmoja tu, yule aliyeegesha pikipiki mlangoni akiwa na abiria wa kumfuata, na huyo anaweza kuuziwa soda. Waislamu na Wakristo wengi wa hapa hawatagusa pombe hata kidogo, kwa sababu za imani ambazo si kazi yangu leo. Ninachotetea mimi hakidai imani ya mtu. Kinadai saa.

Saa ndizo nitakazomalizia, maana wengi watakubali yote niliyosema kisha wapotee hapa. Ini huondoa pombe kwa mwendo wake, karibu gramu 0.15 kwa lita kila saa. Kahawa haiuharakishi, wala maji baridi kichwani, wala jasho, wala kutapika baada ya pombe kuingia katika damu. Chupa moja, kwa mtu wetu wa kilo 60, huchukua muda wa karibu saa tano kutoka. Mtu huyo akianza kunywa saa tatu usiku, akamaliza chupa tatu, akalala usingizi mzito, akaamshwa kumpeleka abiria Bunia saa kumi na mbili asubuhi, amenawa uso, amekunywa chai ya moto, anaongea vizuri, na yeye mwenyewe angekuapia kwamba ya jana yamekwisha. Hesabu ya Widmark inampa gramu 0.7 kwa lita, ileile ya mtu aliyetoka kumaliza chupa nzima kabla ya kupanda, na kwa saa moja ya kwanza ya safari, hadi atakapokuwa amekwisha kuzishuka kona za kwanza, itakuwa haijashuka chini ya 0.5.